Kirekodi joto, mita ya maji au mita ya umeme: kipi kitakuonyesha maji moto yanaishia wapi?

Maji moto yakiisha kabla mtu wa mwisho hajaoga, kila mmoja nyumbani huwa na mshukiwa wake. Yupo anayemlaumu anayekaa bafuni kupita kiasi, yupo anayesema hita imechoka, na yupo anayetaka tangi kubwa zaidi linunuliwe kesho yake. Nimekuwa katikati ya mabishano ya aina hiyo, na nimeona yanavyotulia siku grafu inapowekwa mezani. Ila vyombo vya kupimia ni vingi na kila kimoja kinajibu swali lake. Ukichukua kisichojibu swali lako, utabaki na namba nyingi na ugomvi uleule.

Hapa nalinganisha njia nne: kirekodi joto kilichotengenezwa tayari, kihisi joto unachokiunga mwenyewe kwenye bodi ndogo ya kompyuta, mita ya maji, na mita ya umeme ya hita. Sitazipa nafasi sawa. Kirekodi joto kitachukua sehemu kubwa, kwa sababu ndicho ninachomshauri mtu mwenye hita ya tangi aanze nacho, na pia kwa sababu vipimo vyake vinadai jicho la makini kuliko vya wenzake.

Kirekodi joto kinaona nini

Ni kidude chenye betri, kumbukumbu na kihisi. Unakipangia kipime kila baada ya muda fulani, unakifunga kwenye bomba la maji moto linalotoka kwenye tangi, kisha unakiacha. Baada ya wiki unakifungua, unahamisha vipimo kwenye kompyuta na kuchora grafu. Maji hayaguswi, bomba halikatwi, waya wa umeme hausogelewi. Hata mpangaji asiye na ruhusa ya kubadilisha chochote kwenye nyumba anaweza kukitumia na kukiondoa bila kuacha alama.

Msingi wake ni huu: bomba lisilopitisha maji hupoa hadi kufikia joto la chumba. Mtu akifungua koki, maji moto hulipasha ghafla. Akifunga, linaanza kupoa tena taratibu. Kwa hiyo kila matumizi yanaacha mlima wake kwenye grafu, wenye mwanzo mkali na mteremko mrefu.

Tazama asubuhi moja kwa karibu. Chumba kina nyuzi 24, kipimo ni kila dakika. Mstari umelala kwenye 24 usiku kucha. Saa 12:08 asubuhi unaruka hadi 41, dakika inayofuata uko 55, na unabaki hapo hadi saa 12:15. Kisha unaanza kushuka: baada ya dakika tano uko 49, baada ya kumi uko 44. Saa 12:31 ungali kwenye 39 unaporuka tena hadi 55, unakaa dakika sita, unateremka. Saa 12:44 unaruka mara ya tatu. Safari hii unakaa kwenye 55 kwa dakika nne tu, halafu unasoma 53, 48, 40, 32, 26, na mwisho 21.

Huo mteremko wa tatu si wa bomba kupoa. Bomba linalopoa lenyewe huanguka haraka mwanzoni kisha hupunguza kasi kadiri linavyolikaribia joto la chumba, na haliwezi kushuka chini yake. Mstari huu ulianza polepole, ukashika kasi, ukapita chini ya 24. Kitu pekee kinachoweza kuufikisha 21 ni maji baridi yanayopita ndani ya bomba. Maana yake tangi liliishiwa huku mtu bado ana sabuni mwilini. Ukishaujua mkao wa mistari hii miwili, nusu ya kazi ya kusoma grafu umeimaliza.

Na mabishano? Wa kwanza alioga dakika saba, wa pili sita, wa tatu akapata nne. Hakuna aliyekaa bafuni kupita kiasi. Watatu walifuatana tu bila kuipa hita nafasi ya kupasha maji mengine.

Lita kutoka kwenye ndoo

Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa kirekodi joto unapojitokeza. Hakijui lita. Koki iliyofunguliwa nusu na iliyofunguliwa yote zinaweza kuchora mlima uleule, kwa sababu bomba linapata joto lilelile. Anayetaka kujua lita kwa uhakika asijidanganye kwamba atazipata hapa.

Makadirio yanayofaa, hata hivyo, yapo, na yanahitaji ndoo na saa. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua kama unavyooga, pima muda. Ikijaa kwa sekunde 75, shawa inatoa lita 8 kwa dakika. Lakini hayo ni maji yaliyochanganywa. Kama unaoga kwa nyuzi 40, maji moto yana 55 na baridi yana 21, basi sehemu ya maji moto ni 19 kugawanya kwa 34, yaani asilimia 56 hivi. Kwa hiyo kila dakika tangi linatoa kama lita 4.5. Dakika 17 za watu wale watatu ni takriban lita 76.

Kwa tangi la lita 100, hiyo ni kawaida, kwani maji baridi yanayoingia kwa chini huchanganyika kiasi na yale ya moto yaliyo juu. Tangi lilikuwa zima. Kama maji yangeisha baada ya dakika saba, ningeita fundi aangalie elementi (chuma kinachopasha maji), thamostati (swichi inayowasha na kuzima hita kulingana na joto) na uchafu uliotuama chini. Kupasha lita moja kwa nyuzi moja kunakula wati-saa 1.16, kwa hiyo lita 76 zilizopandishwa nyuzi 34 ni kama uniti 3 za umeme, na hita ya kilowati 3 inazirudisha kwa saa moja. Mtu wa kwanza akiamka saa moja mapema, wa mwisho anaoga kwa raha na tangi jipya halihitajiki. Jibu hilo lilitoka kwenye kidude kilichofungwa nje ya bomba, na ndiyo maana nakipenda.

Muda wa kupima na mahali pa kukifunga

Wengi huharibu zoezi hapa. Ukipima kila dakika tano, kunawa mikono kunaweza kupotea na kuoga kunageuka vidoa viwili. Kila dakika moja inatosha kwa shawa na vyombo. Ukitaka kuona hata koki iliyofunguliwa nusu dakika, shuka hadi sekunde 10, lakini hesabu kumbukumbu kwanza: kila dakika ni vipimo 1,440 kwa siku, kila sekunde 10 ni 8,640. Kirekodi cha vipimo 16,000 kitakaa siku 11 kwa mpangilio wa kwanza, na hakifiki siku mbili kwa wa pili. Virekodi vidogo vya umbo la sarafu, kama Thermochron DS1921G, vina nafasi ya vipimo 2,048 tu, na vinapanda kwa hatua za nusu nyuzi. Kwa kila dakika vinajaa baada ya saa 34. Ni imara na havipati shida na unyevu, ila kwa kazi hii naviona vina pumzi fupi.

Mahali, usikifunge pale pale bomba linapotoka tangini. Joto hupanda lenyewe ndani ya bomba hata koki zote zikiwa zimefungwa, na mstari hautarudi kamwe kwenye joto la chumba. Sogea nusu mita au zaidi, na ikiwezekana pita kona ya kwanza. Ukiwa umesogea hivyo na bado mstari unakaa juu usiku kucha, una jambo la kuchunguza: huenda koki ya maji moto inavuja mahali fulani. Mita nyingi za maji hazitambui kuvuja kidogo kwa namna hiyo, na bado kirekodi kinakuonyesha.

Safisha bomba, laza kihisi kiguse vizuri, kaza kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, kisha funika kwa sponji ya bomba. Selotepu ya kawaida hulegea kwa joto, na kihisi kikiachana na bomba hata kwa unene wa karatasi kinaanza kupima hewa. Kwenye bomba la plastiki tarajia kihisi kichelewe kidogo, kwa kuwa plastiki hupitisha joto vibaya sana ikilinganishwa na shaba. Tafuta kiungio cha chuma au mwili wa koki kwenye njia hiyohiyo, ufunge hapo.

Kununua tayari au kujiundia

Kirekodi cha dukani kina saa yake, betri yake na programu yake. Kasoro ni kwamba vingi havikuonyeshi kitu mpaka uhamishe vipimo, na vingi vina kihisi kimoja. Ukigundua siku ya saba kwamba kililegea siku ya pili, wiki imekwenda.

Kujiundia kunaondoa shida hizo na kuleta nyingine. Kihisi kinachotumika zaidi ni DS18B20. Kina nyaya tatu, kinapima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125, na kati ya 10 chini ya sifuri na 85 kosa lake halizidi nusu nyuzi juu au chini. Kila kimoja kina namba yake ya kipekee ya biti 64, kwa hiyo unaweza kuviunga kadhaa kwenye waya mmoja wa data, pamoja na resista ya kilo-omu 4.7, na bodi kama ESP32 au Raspberry Pi ikavitofautisha. Hapo unapata kitu ambacho kirekodi kimoja hakiwezi kukupa: kihisi cha maji moto, cha bomba la maji baridi linaloingia tangini, na cha hewa ya chumba, vyote kwenye grafu moja. Bomba la baridi likishuka wakati la moto linapopanda, huna haja ya kubahatisha kama maji yalitembea.

Kina mtego mmoja ambao ulinisumbua sana. Umeme ukikatika na kurudi, DS18B20 huanza na namba 85 mdomoni, na hukaa nayo mpaka kimalize kipimo cha kwanza, kazi inayochukua hadi milisekunde 750 kwa usahihi wake wa juu kabisa. Kwenye kupima hewa, 85 inaonekana upuuzi mara moja. Kwenye maji moto inaaminika! Nilipoona 85 imesimama katikati ya 52 na 52, nilizima hita nikidhani thamostati imekwama. Kumbe waya mmoja ulikuwa umelegea, kihisi kikawa kinazimika na kuwaka. Tangu siku hiyo programu yangu hutupa kila 85 kamili inayojitokeza peke yake.

Jingine ni kwamba vihisi vya kuigiza vimejaa sokoni na kwa sura havitofautiani na vya asili. Kabla ya kukiamini, kitumbukize kwenye barafu iliyosagwa na kulowa maji, koroga, subiri. Kisiposoma karibu na sifuri, kiweke pembeni.

Ushauri wangu: kama hujawahi kuandika programu hata ndogo, nunua kilichotengenezwa tayari. Utapata jibu lako ndani ya wiki mbili, wakati kujiundia kunaweza kukumeza miezi kabla ya grafu ya kwanza. Kama unafurahia kazi hiyo, jiundie, kwa sababu vihisi vitatu vinakupa picha iliyo bora zaidi.

Mita ya maji

Ukitaka lita, na hasa kama unagawana gharama na wengine, hakuna njia ya mkato. Unahitaji mita ndani ya bomba. Zile ndogo za plastiki kama YF-S201 zina gurudumu lenye sumaku, na kihisi kinahesabu mizunguko, takriban mapigo 450 kwa lita. Zimetengenezwa kwa lita 1 hadi 30 kwa dakika. Koki inayotiririka chini ya hapo haizungushi gurudumu sawasawa, na maji hayo hayahesabiwi. Tena hupimi kwa ndoo bali unakata bomba, kwa hiyo fundi, kufunga maji na hatari ya kuvuja vimo kwenye hesabu.

Jambo moja linaokoa taabu nyingi. Watu hutafuta mita inayostahimili joto ili waiweke kwenye bomba la maji moto, na mita hizo kweli zipo: alama T90 kwenye mita ina maana imeidhinishwa hadi nyuzi 90, wakati T30 ni ya maji baridi. Lakini tangi lililojaa halitoi lita bila kuingiza lita. Weka mita ya maji baridi kwenye bomba linaloingia kwenye hita, mbali kidogo na tangi ili joto lisiifikie, na utapata hesabu ileile ya maji moto kwa mita ya kawaida. Hakikisha tu bomba hilo halilishi koki nyingine yoyote.

Kasoro yake ni kwamba mita ya kusoma kwa macho haikuambii maji yalitumika lini, na lita peke yake hazisemi yalikuwa na joto gani. Lita 76 zilizotoka na nyuzi 55 na lita 76 zilizotoka na 38 ni kitu kimoja kwake. Zipo mita za joto zinazounganisha mtiririko na vihisi viwili vya joto na kutoa jibu kwa kilowati-saa moja kwa moja. Ni bora kuliko zote, na kwa nyumba ya kawaida ni gharama isiyo na sababu.

Mita ya umeme

Kama hita yako ni ile ya papo kwa papo isiyo na tangi, acha yote niliyosema juu na uchukue hii. Hita hiyo inawaka maji yanapotembea na kuzima yanapokoma, kwa hiyo umeme wenyewe ndio grafu ya matumizi, na gharama unaiona hapohapo.

Kwa hita ya tangi habari ni tofauti. Mtu anaoga saa 12, thamostati inawasha elementi dakika kadhaa baadaye na kuiacha ikiwaka saa nzima, na watu watatu waliofuatana wanaonekana kama tofali moja. Nani na lini huwezi kujua. Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho mita hii inakijua kuliko zote: hasara ya tangi lenyewe. Mkisafiri siku mbili, acha hita imewaka na mita inarekodi. Anza kuhesabu baada ya maji kufikia joto lake. Umeme wote utakaoliwa baada ya hapo umepotelea hewani kupitia kuta za tangi, bila mtu hata mmoja kunawa mikono. Kwa tangi lisilokingwa vizuri joto lisitoke, hasara hiyo inaweza kushindana na kuoga kwa mtu mmoja kila siku, na dawa yake ni kulivika blanketi la tangi.

Tafadhali kuwa mwangalifu hapa. Hita ya kilowati 3 kwenye volti 230 inavuta ampea 13, na mita nyingi za kuchomeka ukutani hazikutengenezwa kubeba mzigo huo kwa saa nzima. Kihisi cha kung'ata waya ni salama zaidi, ila lazima kizunguke waya mmoja pekee na si kebo nzima, na waya huo unapatikana ndani ya boksi la fuse. Kazi hiyo ni ya fundi umeme. Na kwa hita ya gesi au ya jua, mita ya umeme haina la kusema. Huko unarudi kwenye kirekodi joto.

Kabla hujashusha thamostati

Wengi wakishaona grafu, mkono wa kwanza unakwenda kwenye thamostati. Naomba usubiri. Bakteria wa Legionella hukua vizuri kati ya nyuzi 20 na 45, na ndiyo maana maji ya tangi hushauriwa yakae 60. Upande wa pili, maji ya 60 yanamchoma mtu mzima ngozi ndani ya sekunde chache, na mtoto au mzee kwa haraka zaidi. Kwa hiyo kama mna vali ya kuchanganya maji moto na baridi, acha tangi lipate moto wake na vali ipunguze kwenye koki. Kirekodi kikifungwa kwa muda kwenye bomba baada ya vali kitakuonyesha kama inafanya kazi.

Na waambie wenzako nyumbani kabla hujakifunga. Kidude hiki kinaandika kila mtu anaoga saa ngapi na kwa muda gani, na si kila mtu anapenda hilo lijulikane. Kwa siku tatu za kwanza weka daftari na kalamu mlangoni mwa bafu, anayetaka aandike saa aliyoingia na alichofanya: kuoga, kufua, kunawa. Linganisha na milima ya kwenye grafu mpaka uweze kuisoma bila daftari, kisha liondoe na uache kirekodi kiendelee chenyewe hadi kumbukumbu ijae.